Namna ya Kuwa Injinia Mpya Bila Kuwakera Mafundi

Hongera kwa ajira. Shahada ya uhandisi wa kemikali unayo, ovaroli bado ina mikunjo ya dukani, na kofia yako inang'aa kiasi kwamba kiwanda kizima cha sukari kinajua umefika jana. Kabla hujaanza kumsahihisha mtu, kaa usome.

Kwanza, salimia. Nasema kwa moyo wote: injinia anayeingia zamu bila shikamoo atapita msimu mzima wa kusaga miwa akiambiwa "mambo shwari", hata siku mambo yanapochemka. Na usimpite mpika sukari. Pani yake inachemka kwenye nyuzi 65 au 70 hivi, kwa sababu hewa imenyonywa ili sukari isiungue. Hayo unayajua, uliyafanyia mtihani. Sasa mtazame yeye. Anachomoa sampuli, anaipaka kwenye kipande cha kioo, anakiinua kwenye taa na kukodoa macho. Punje zikilingana, anatulia. Akiona punje changa kama vumbi katikati ya zile kubwa, anaongeza maji kidogo ziyeyuke, maana zikiachwa zitaleta shida kwenye mashine za kutenganisha sukari na molasi. Kompyuta yako muda wote huo haijasema neno. Muulize, "Mzee, umeona nini hapo?" Kisha funga mdomo usikilize, hata kama jibu ni refu.

Pili, usiolewe na geji. Tarehe 23 Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, mnara ulijazwa mafuta kwa zaidi ya saa tatu bila chochote kutolewa chini. Kipimo kilikuwa kinaonyesha kimo kinashuka. Mnara ukafurika, mvuke wa mafuta ukalipuka, watu 15 wakafa na wengine 180 wakaumia. Hesabu iliyohitajika ni ile ya mwaka wa kwanza chuoni: kinachoingia bila kutoka, kinajaa. Ukikaa mbele ya skrini, piga hesabu hiyo kila saa, kwa kalamu na karatasi. Kipimo kikipingana nayo, inuka kwenye kiti uende kwenye mtambo. Mguu wa injinia ni kifaa cha kazi.

Tatu, usalama. Kostiki soda unaimwaga kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Ndani ya tangi huingii bila kibali na bila hewa kupimwa. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, baki nje. Na ukimwona mwenzako ameanguka humo ndani, piga kengele. Ukijitupa kumwokoa bila vifaa, waokoaji watakuwa na watu wawili wa kuwatoa, na inauma kwamba vifo vya namna hii bado vinatokea.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo injinia wapya huikimbia kwa kuwa inaonekana ya kitoto: kupima maji ya boila. Mvuke uliochemsha maji ya miwa unageuka maji safi, na maji hayo yanarudi kwenye boila. Bomba moja likitoboka, sukari inaingia humo. Kwenye joto la boila inavunjika kuwa asidi, maji yanatoa povu, na mabomba ya mamilioni ya shilingi yanaanza kuliwa. Kwa hiyo chukua sampuli mwenyewe. Tia matone ya alfa-naftoli kwenye kijichupa, kisha uteremshe asidi kali ya sulfuriki taratibu ubavuni mwa kioo, ukiwa na miwani na glavu. Usitikise. Tazama pale vimiminika viwili vinapokutana. Pakibaki peupe, andika kwenye daftari la zamu, saa na jina lako.

Pakitokea pete ya zambarau, usianze kubishana na maabara wala kutafuta wa kulaumiwa. Mwambie fundi wa boila ayaelekeze maji hayo mtaroni na afungue maji ya akiba. Ukishaona kwa macho yako kwamba vali imegeuzwa, mpigie simu meneja. Ndiyo, najua ni saa nane za usiku. Mpigie.