Gramu Ngapi?

Tumbo langu limebatizwa mara nne.

Bibi yangu wa Shinyanga alianza: ni michembe hiyo unayoshushia na maziwa mabichi. Alikuwa na hoja. Maziwa mabichi huwasokota watu wazima wengi, mgando huwa na afadhali. Nikahamia mgando, tumbo likaendelea kunguruma kama karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Shemeji akasema vidonda. Maabara moja ya mtaani ikanitoa damu na kutangaza taifodi. Kipimo kile huweza kuonyesha hata alama za taifodi ya zamani iliyokwisha kupona, lakini nani ana ubavu wa kubishana na koti jeupe? Nikameza dawa nikamaliza.

Ndipo mdogo wangu anayesoma chuo Dar akachungulia simu yake. "Kaka, huo ni utumbo wenye hasira. Hauna kidonda, hauna mdudu, umekasirika tu."

Nilikubali papo hapo. Mtu unayeandika hesabu za karasha Rwamgasa, kutwa unaamua ugomvi wa viroba vya mawe, hata utumbo una haki ya kukasirika. Miezi mitatu nikaubembeleza. Nikaacha maharage, nikaacha pilipili, nikaacha hata kubishana na mwenye nyumba.

Daktari wa Geita hakubembeleza.

"Usiku linakuamsha?"

"Mara mbili."

"Umepungua?"

"Mkanda nimeuongeza matundu mawili."

"Damu chooni?"

Nikatazama ukuta.

"Utumbo wenye hasira ukilala nao hulala, tena hautoi damu. Kesho niletee choo."

Asubuhi nikakifunga kikopo kwa gazeti, juu yake nailoni, nikakitia mfuko wa shati na kukishikilia kwa mkono. Hapo ndipo nilipokosea. Geita, mtu anayetembea polepole huku amejishika kifua anajulikana amebeba nini. Karibu na soko la dhahabu, lile lililofunguliwa 2019 ili tuache kuuziana vichochoroni, kijana akanigandama ubavuni.

"Mkuu, una mzigo?"

"Ninao."

"Gramu ngapi?"

"Ndiyo naenda kupima."

"Usipeleke huko, watakukata. Nionyeshe rangi tu."

Nikamwambia rangi ni ya kawaida.

"Umetoka duara gani, shimo la nani?"

"Langu mwenyewe."

Macho yakamtoka. Akanifuata hadi getini, akasoma kibao cha hospitali, akanong'ona kwa heshima kubwa: "Kumbe siku hizi mnachenjulia humu?"

Majibu yalikuwa mayai ya kichocho. Si kile cha mkojo tulichofundishwa shuleni; hiki hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Daktari akauliza naoga wapi. Jumapili zote nilikuwa nikienda Nkome kutoa vumbi la karasha ziwani, na kujisifu kwamba maji yenyewe siyanywi. Kumbe si lazima uyanywe. Vijidudu hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, nawe hapo unajipaka sabuni na kuimba.

Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtu. Kilo 75 zangu zilikula vidonge 5 vya miligramu 600 kwa mkupuo, baada ya ugali. Vichungu ajabu.

Siku hizi nalala hadi asubuhi. Yule kijana tukikutana bado huniuliza kama duara linatoa. Nimemwambia tumelifunga.