Mkanda wa Gari na Mkanda wa Punda

Miongoni mwa amali ambazo mtu aweza kuzitenda uani kwake kwa spana chache na subira nyingi, hakuna ambayo mafundi huitilia watu hofu kama kubadilisha mkanda wa taimingi, na hofu hiyo, kwa maoni yangu, huongezeka kwa kadiri ya ujira wanaoutaka. Kwani kazi yenyewe ni kufungua, kulinganisha alama, na kufunga. Mashaka yake nyumbani, hasa katika mji wa Wakamba wenye mwembe mmoja wa kivuli kizuri, hutoka kwa hadhirina.

Tulikuwa na safari ya kwenda Kitui kumpelekea mdogo wangu mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao kwao ndoa huanza kuhesabika kuwa ndoa, na chombo cha kuwachukua wazee kilikuwa Corolla yangu ya miaka ya tisini, yenye injini ya 5A, ambayo mkanda wake ulikuwa umekwisha kupita kilomita 100,000 pasina kuguswa. Kutoka kwetu, karibu na Wote, hufiki Kitui ila umevuka mto Athi, na sikuona heri kusimamishwa ng'ambo ya mto na kipande cha mpira mbele ya wazee waliovaa makoti. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alikwenda kwa miguu. Alikuwa na mashaka yake mengi, lakini hili hakuwa nalo.

Mkanda huo wenye meno huifunga krankshafti iliyo chini pamoja na kamshafti iliyo juu, ili ile ya chini izungukapo mara mbili, ya juu, ambayo ndiyo ifunguayo valvu, izunguke mara moja, pasipo kuzidi wala kupungua hata jino. Walioutia kwanza katika gari la kuuzwa kwa umma ni Wajerumani wa kampuni ya Glas, katika Glas 1004 ya mwaka 1962. Ukikatika katika injini kama yangu, gari huzimika tu, kwa kuwa pistoni hazizifikii valvu. Ukikatika katika Hiace ya dizeli, valvu hupigwa zikapinda, na mwenye gari huuza ng'ombe. Haya yote nilielezwa upya na jirani yetu mwenye Probox, gari ambalo injini yake hutumia mnyororo, naye aliyasema akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa majivuno ya mtu aliyeufua mnyororo ule kwa mkono wake.

Injini tuliiegemeza kwa jeki na kigogo, maana mguu wake wa upande wa mkanda hauna budi kufunguliwa. Iliyotutesa ni bolti ya puli ya krankshafti, ya namba 19. Tulitia gia ya tano, tukamketisha binamu yangu ndani akanyage breki, nasi tukaning'inia kwenye bomba la maji tulilolivika mkono wa spana. Na kila bolti ilipokaribia kukubali, embe lilidondoka juu ya paa, binamu akaachia breki ili aliwahi kabla ya mbuzi, injini ikazunguka bure, nasi tukaanguka mchangani. Hadhirina waligawanyika: hawa wakashauri mafuta, hawa moto, na ajuza mmoja akashauri tumwondoe binamu. Shauri la ajuza ndilo lililoshinda.

Mkanda mkuukuu ulipotoka tuliulaza juu ya gunia, ubavuni mwa mpya. Ukiutazama huoni ila: mpira mweusi, meno yote mahali pake, maana uchakavu wa mkanda hukaa katika nyuzi zilizo ndani, nao hukatika bila kutoa taarifa. Ami yangu, mkuu wa msafara, aliuinua, akauvuta.

"Mwanangu, huu ni mzima."

"Umekwisha muda wake, Mzee."

"Nani kakwambia?"

"Kitabu cha gari."

"Hicho kitabu kimeuona?"

Sikuwa na jibu, na sidhani Wajapani wenyewe wangelikuwa nalo.

Puli ya kamshafti ina tundu dogo, na kupitia tundu hilo, puli ikikaa sawa, huonekana alama iliyochongwa kwenye kifuniko cha beringi. Nilikuwa nimeipata alama hiyo, tochi ya simu mdomoni, jasho machoni, nikanyosha mkono nyuma nipewe mkanda mpya. Nikapewa uliojaa mafuta. Ule mwingine haukuwapo.

Kumbe punda alikuwa amekatikiwa na kamba ya kufungia madumu, naye ami, aliyesikia asubuhi nzima kwamba mmoja wa mikanda ile miwili ni takataka, na ambaye hakupenda kumchafua mnyama, alichagua ule usio na mafuta. Tulimfuatia punda hadi kwenye mto wa mchanga, tukamkuta anapanda ukingo na madumu yake manne yaliyojaa, na mkanda mpya umepigwa fundo ambalo mabaharia wa Lamu wangelistahi. Na mkanda wa taimingi haukunjwi wala haupindwi, sembuse kupigwa fundo. Nyuzi zake hukatika. Nikamwacha punda apite.

Kijana wa bodaboda alitumwa Wote, akaja na mkanda wa dizeli, akarudi tena. Jua lilipotua tulikuwa tumekwisha kuukaza, tumeizungusha krankshafti kwa spana mara mbili kamili, na alama zimerudi mahali pake. Gari likawaka papo hapo, na hadhirina, ambao walikuwa wamejiandaa kwa msiba, wakatawanyika kwa huzuni.

Tulifika Kitui kesho yake, siku nzima baada ya miadi. Wakwe, kwa staha, walitaka kujua kilichotuchelewesha. Ami akasimama, akaegemea bakora yake.

"Gari lilikuwa zima," akasema. "Hawa vijana ndio walilifungua. Na mkanda wa pili waliouagiza walikataa kuutia, nami sikutaka mali ipotee. Hadi hivi sasa tuongeavyo, punda anautumia, na haujalegea."

Wakwe wakatikisa vichwa, wakamwongezea pombe ya uki.