Diski Iliyofundwa Adabu

Kwetu mtu akijuliwa hali hujibu njema kwanza, maradhi yatafuata. "Hujambo?" "Sijambo, ila nimetoka kung'olewa meno." Sikujua kwamba na diski za kompyuta nazo hufundwa hivyo hivyo.

Yangu ni kompyuta ya mezani inayotumia Ubuntu. Ghafla ikaanza vituko: unafungua faili, kishale kinaganda, unasikia tiki, tiki, kimya, tiki. Unakwenda kuchemsha chai, unarudi, faili ndio kwanza linafunguka.

Mtaani kwetu kompyuta ikiugua kila mtu ni daktari. Mjomba akasema virusi. Jirani akasema ongeza ramu. Fundi hata kuigusa hakuigusa: "Bosi, hii tuipige Windows." Kwa fundi huyu hakuna ugonjwa usiotibiwa kwa kupigwa Windows, nadhani hata feni angeipiga. Shemeji naye alitaka diski tuilaze kwenye friza, katikati ya vibua. Si kwamba kalibuni yeye, watu wamewahi kulijaribu. Ila chuma kikitoka kwenye baridi hufanya umande, na umande juu ya sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika ni kuimalizia. Nikamwambia vibua vitanuka plastiki. Hilo akalielewa.

Nikaona bora nimhoji mgonjwa mwenyewe. Unaandika sudo smartctl -a /dev/sda, diski inajieleza. Kwenye afya ikajibu: PASSED. Yaani nimefaulu, salama salimini.

Teremka chini sasa uikute "ila". Namba 5, sekta zilizokwisha kufa zikabadilishwa na za akiba: 312. Namba 197, sekta zisizosomeka zinazongoja hatima yake: 88. Namba 199, ambayo hupanda waya ukiwa mbovu: sifuri. Nilitamani sana iwe waya. Waya ni bei ya chipsi.

Hiyo PASSED hutegemea viwango alivyoviweka mtengenezaji, na hakuna mtengenezaji mwenye haraka ya kutangaza msiba wa bidhaa yake. Wala diski yenyewe ikikuta sekta mbovu haisemi imenishinda. Inajaribu, inajaribu tena, na Linux kwa kawaida huingoja sekunde 30 kabla ya kuchoka nayo. Ndiyo maana ya ule muda wa chai. Nilipofungua dmesg nikakuta kilio mstari kwa mstari: I/O error, I/O error.

Fundi akarudi na ushauri mpya: tuendeshe fsck. Thubutu! fsck hutengeneza kwa kuandika, na diski inayokata roho haiandikiwi kitu, inanakiliwa. Nikachomeka diski mpya, nikaita ddrescue. Huyu huchota kwanza yanayosomeka kirahisi, penye ukorofi anaruka, anaparudia mwishoni. Ukimpa faili la kuweka kumbukumbu, hata umeme ukikatika anaendelea alipoishia. Umeme ulikatika. Akaendelea.

Karibu kila kitu kilipona, picha za harusi ya dada na hesabu za duka. Kilichopotea ni video ya shemeji akitoa hotuba kwenye harusi hiyo, na mpaka leo anaamini friza ingeiokoa.

Nawe msomaji unayetumia Ubuntu, smartctl huenda hunayo. Andika sudo apt install smartmontools usiku huu huu, kabla fundi hajafika.