Mashavu ya Panya Buku

Chini ya milima ya Uluguru palikuwa na chuo cha wanyama, na aliyewakopesha wanafunzi alikuwa Tembo. Njugu zilitoka kwa mikupuo, kila mkupuo njugu 600: kumi za kila siku, chakula na malazi, kwa siku 60. Aliyepita chuo Tanzania ameshaitambua hesabu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Bodi ya Mikopo inahesabu shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, na bumu la siku 60 likiingia, kijana anashika laki sita kwa mara moja. Wengine walikuwa hawajawahi kushika hata laki moja.

Siku ya mkupuo, Ngedere aliimba tangu alfajiri. Alinunua raba za njugu 80, akabadilisha simu, na jioni akawapeleka rafiki saba kula chipsi kuku, bili juu yake. Hakuwa mbaya, naomba aeleweke. Kwao kuku huchinjwa sikukuu tu, na jioni ile alitaka, walau mara moja, awe yeye anayesema "leteni vingine". Pembeni, kibandani, Fisi alikuwa anauza mikeka: toa njugu 5, timu zako zote zikishinda, chukua 900. Ngedere akatoa 5. Kesho yake akatoa 10 ili azirudishe zile 5.

Panya Buku alipita katikati ya umati ule ule bila kusema neno. Hakikuwa kiburi. Mola amempa vifuko ndani ya mashavu, na kila safari aliyofanya siku hiyo alivijaza mpaka uso ukavimba. "Mwanangu, niazime ishirini, Ijumaa narudisha," wakamwambia njiani, na mdomo haukuwa na nafasi ya kujibu. Nimemchagua yeye kwa kuwa ni mnyama wa kwetu, yule yule anayefundishwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Akiba kwake ni kazi ya kila usiku.

Shimoni alizitema na kuzipanga kabla hajaonja hata moja. Njugu 120 za kodi ya miezi miwili zikaenda kwa mwenye shimo siku hiyo hiyo. 60 za kopi na kalamu. 360 akazigawa mafungu tisa ya 40, kila wiki na fungu lake. Zilizobaki, 60, akazifukia chumba cha ndani kabisa, mahali ambapo kuzifikia ni lazima uchimbe upya.

Kijana unayesoma, litazame vizuri hilo la kuchimba. Panya Buku hakumzidi Ngedere kwa moyo mgumu. Ikifika saa nne usiku naye hutamani chipsi. Lakini nani atachimba udongo usiku huo kwa ajili ya chipsi? Anayeweka akiba kwenye laini ile ile anayolipia soda hajaiweka popote.

Siku ya 23 Ngedere alianza pasi ndefu: mlo mmoja saa tisa alasiri, basi, hadi kesho saa tisa. Darasani macho yako ubaoni, akili iko jikoni. Hapo ndipo Kupe alipomtembelea, mpole, na mkoba wake kwapani. "Chukua 50, mwanangu. Wiki ijayo niletee 65. Kibali chako cha kuchukulia njugu niachie mimi, nikutunzie." Wanyama wenyewe walimwita Kausha Damu, na bado walimfuata. Mkupuo wa pili ulipotoka, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Kupe, ameshika vibali vya watu kumi na mmoja.

Profesa Bundi akaitisha kikao, akahutubia saa mbili nzima: vijana wa siku hizi mnatapanya, acheni chipsi, acheni raba. Nyuma kabisa alisimama Swala. Chipsi hizo hajawahi kuzila, na raba zake zilikuwa za mtumba. Kila mkupuo alituma 250 nyumbani. Akishalipa kodi, hata akila kwa hesabu kali, njugu zilimwishia siku ya 38. Hotuba za namna hii zinaniuma sana. Zinamfikia asiye na kosa na kumwongezea aibu juu ya njaa, huku anayesemwa amekaa mstari wa mbele anachezea simu.

Hata Panya Buku alimdhania Swala vibaya, mpaka siku alipomkuta chini ya mwembe na daftari wazi. Dawa za mama 90. Sare na michango ya mdogo wake 100. Unga wa nyumbani 60. Kodi 120.

"Dada Swala, hapa hakuna cha kukata," akasema baada ya kusoma mara mbili. "Lakini kodi na sufuria tunaweza kugawana."

Swala akahamia kwa mwanafunzi mwenzake, Kanga, wakabebana, kodi ikawa 60 kila mmoja. Sufuria ikawa moja kwa wanne, Kobe akiwa wa nne. Kwa mama ntilie sahani ilikuwa njugu 2. Wao walinunua maharage na mchele kwa jumla, sahani ikashuka chini ya 1. Kisha wakachonga kibubu, cha kutiwa siku ya mkupuo kabla ya kwenda sokoni. Kobe alitaka wote watoe sawa. Panya Buku akakataa katakata: yeye 60, Kobe 40, Kanga 30, Swala 10. Hakipasuliwi kabla ya siku ya 45, ila kwa ugonjwa.

Mkesha wa mkupuo wa tatu Ngedere alibisha hodi. Deni kwa Kupe lilikuwa limefika 90, na kibali bado kiko kwake. Kobe hakumbembeleza. "Hizi za Tembo nazo ni deni. Ukiajiriwa atakata 15 katika kila 100 za mshahara wako, kama Bodi inavyowakata wahitimu. Chipsi ulizokula mwaka wa kwanza utakuja kuzilipia ukiwa na watoto."

"Ameshasikia, kaka Kobe," Swala akasema. "Njaa naijua. Tumkomboe."

Wakatoa 90 kwenye kibubu, wakaenda wote watano. Kupe akahesabu, akadai 20 zaidi za kutunza kibali. Kobe akakaa juu ya mkoba wa Kupe na kukataa kuondoka, hadi kibali kikatoka.

Asubuhi Ngedere alipanga foleni mwenyewe. Akarudisha 90, akatia 15 kibubuni, akauliza kwenye sufuria kumepungua nini. Kanga akamtajia: maharage, vitunguu, mafuta nusu lita.