Lipa Kwanza Deni la Mangi

Nsyuuu! Wazee, hebu wekeni kete chini kidogo. Kuna jirani yetu, jina namhifadhi, kashuka kwenye bajaji na mifuko miwili ya supamaketi. Mchele, sukari, mafuta ya lita tano, hadi kiberiti. Kapita mbele ya duka la Mangi hata shingo hakugeuza. Atageuzaje, na jina lake limo kwenye daftari? Unga wa mwezi uliopita, mtungi mdogo wa gesi, vocha za kugongea dirisha usiku. Taslimu kapeleka mjini, deni kaliacha mtaani.

Tukikaa hapa na kahawa yetu tunalaumu kodi, tunalaumu mgambo, tunalaumu maduka makubwa na bidhaa za kutoka nje. Kila mmoja kati ya hao ana fungu lake la lawama, sikatai. Ila nenda kakae kwa Mangi jioni moja, umwombe akufungulie lile daftari. Ni kaunta buku la kwaya tatu, jalada linashikiliwa na selotepu. Ndani mmo sisi wote. "Mama Zai, mchele kilo 2." "Baba geti jeusi, sukari nusu, sabuni." "Mpangaji wa uani, mkate, mayai 4." Waliolipa wamepigwa mstari. Fungua kurasa za nyuma, uone majina ya watu waliokwisha kuhama mtaa.

Sasa fuateni hesabu. Chukua duka lenye mtaji wa laki nane. Laki tatu zimelala humo kwenye daftari. Sukari ikiisha, duka la jumla halimuuzii kwa maneno, linataka hela. Basi badala ya mfuko mzima analeta nusu. Wiki ya pili hana mafuta ya kupima. Wewe unafika, unataka ya mia tano, unaambiwa yameisha, unaondoka ukisema duka la Mangi siku hizi halina kitu. Halina kitu kwa sababu kitu kiko kwako!

Na mwenye duka aliyeishiwa namna hiyo anakwenda wapi? Anakwenda kwenye mikopo ya kausha damu. Pale hakuna maswali mengi. Ada inakatwa kabla hujaishika hela, rejesho ni kila siku au kila wiki, dhamana ni friji, televisheni, wengine wanaacha hadi kadi ya benki. Siku rejesho likikosekana wanakuja na kirikuu. Friji la soda na maziwa likipakiwa, pale dukani panabaki chumvi na viberiti. Nimeona mwanamke mtu mzima amekaa kwenye ngazi ya duka lake, anaangalia vijana wakifunga kamba friji lake, na nusu ya waliosimama kutazama walikuwa na madeni kwake. Iliniuma sana.

Mtasema serikali ina mikopo. Ipo: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, tena haina riba. Ni jambo zuri na nawasihi kina mama wa hapa waunde vikundi wakaombe. Lakini ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejea mwaka uliofuata, na katika kipindi hicho chote watu walikuwa wanakula kila siku. Mzee aliyevuka ujana, mwenye kibanda chake, hana fungu pale. Mkopo wake usio na riba ni mteja anayelipa.

Kuna kijana aliniuliza, kwani Mangi si aache tu kukopesha? Mdogo wangu, mtaa huu ungeishije? Kibarua analipwa Jumamosi, mtoto ana njaa Jumatano. Mgonjwa akizidiwa usiku, nani anakupa maji ya chupa na elfu kumi ya bodaboda bila kukuandikisha fomu? Supamaketi haijawahi kumkopesha mtu hata kiberiti. Kukopa ni sehemu ya maisha yetu, na ndiyo maana anayekopesha lazima alipwe mbele ya wengine wote. Mshahara ukiingia, pita pale kabla hujafika nyumbani. Kama huna yote, peleka nusu na mwambie lini unamalizia. Usibadili njia. Mtu akianza kuzungukia nyuma ya msikiti ili asionekane, duka limepoteza deni na mteja kwa mpigo.

Na si Mangi peke yake anayeumia. Mnakumbuka Desemba 2018, Rais Magufuli alipotoa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000? Vilikuwa vya watu ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, inakuja kama elfu kumi na moja kwa siku. Hayo ni mauzo, faida bado. Halafu wewe unamwambia muuza mihogo, "dada, hii elfu tano nitakupa kesho." Umeondoka na karibu nusu ya siku yake.

Na hii tabia ya kutuma hela kwa simu bila ya kutolea! Chakula cha elfu tatu, unatuma elfu tatu kamili kwenye namba yake ya kawaida, makato anabeba mama lishe. Kama ana lipa namba, tumia hiyo. Kama hana, ongeza ya kutolea au mpe noti mkononi. Mafundi wa ujenzi nao nawasema hapahapa: mnakula kwa mama wiki nzima kwa ahadi ya msimamizi, saiti ikihama mnahama nayo, mama anabaki na masufuria. Kwa fundi cherehani kuna magauni ya sikukuu yananing'inia hadi leo, yameshonwa, uzi na zipu kanunua yeye, wenyewe hawaonekani. Ukimpa kitambaa, mpe na nusu ya hela.

Wamachinga walipoondolewa barabarani mwaka 2021, wengi tulisikitika kwa mdomo. Waliowafuata walikohamia walikuwa wachache. Kama ulikuwa unanunua viatu kwa kijana fulani, mpigie simu, muulize yuko wapi, panda daladala umfuate, na ukirudi uwaambie wenzako kazini.

Mnaweza kuendelea na drafti. Ila yule dada wa kahawa anakusanya vikombe, na wako wanaosema atawaandika. Leo asiandike mtu, wazee, kila mmoja atoe yake. Na walioandikwa kwa Mangi wanajijua. Mshahara umeingia tangu Ijumaa, na duka anafunga saa nne.