Tuisifu Hama-Hama ya Leseni

Bonde la Kilombero limekwisha kusifiwa kwa mengi. Mchele wake husifiwa hata na watu wasiojua Mto Kilombero unaelekea wapi. Miwa ya Kidatu inasifiwa, milima ya Udzungwa inasifiwa, sheshe wa mbugani anasifiwa. Hata mafuriko ya masika yana watetezi, kwa kuwa ndiyo yanayoacha rutuba mashambani. Lakini sijasikia mtu, kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, akisimama kuisifu siku ile kijana wa TEHAMA anapoingia ofisini na kutangaza: "Jamani, tunahama KMS, tunaingia MAK. Kila mtu alete kompyuta yake." Siku hiyo hununiwa, na wapo wanaoomba kimyakimya umeme ukatike. Mimi naitetea.

Kwa msomaji asiyekaa maofisini, jambo lenyewe liko hivi. Ofisi ikinunua programu za Microsoft Office kwa leseni ya jumla, ina njia zaidi ya moja ya kuziamilisha, na mbili ndizo zinazosumbua watu. Ya kwanza, KMS, ni kuweka seva moja ndani ya ofisi. Kompyuta zote hubisha hodi kwake, kwenye mlango namba 1688, na kila moja hupewa siku 180. Kila baada ya siku 7 hurudi kuomba siku zake zijazwe upya. Ya pili, MAK, ni kila kompyuta kupewa ufunguo na kuongea yenyewe na Microsoft, mara moja tu, kisha hakuna anayemdai mwenzake. Waliosoma siasa shuleni watakuwa wamekwisha kutabasamu. Azimio la Arusha la 1967 lilitupa ujamaa na kujitegemea kwa mkupuo mmoja. Wamarekani wameviuza kimoja kimoja, kila kimoja na ufunguo wake.

Ujamaa wa KMS si wa mchezo. Seva haimhudumii yeyote mpaka kompyuta 5 tofauti ziwe zimeomba Office. Kwa Windows yenyewe, zinatakiwa 25. Ni Noah ya stendi ya Ifakara: abiria umelipa, umekaa, una haraka, na bado huondoki mpaka ijae. Ofisi yenye kompyuta nne hupewa jibu lilelile asubuhi na jioni, 0xC004F038, maana yake hesabu haijatosha. Na usidhani utaihadaa kwa kunakili diski moja kwenye kompyuta kumi. Kama aliyenakili hakusafisha kitambulisho kwanza, seva inaziona zote kumi kuwa ni moja. Watu wa bonde hili wamezoea kuhesabiwa. Tangu 1996 watafiti wa Ifakara wamekuwa wakipita kaya kwa kaya kuandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Lakini hao huja na salamu na kalamu, wanakaribishwa mkeka. KMS inahesabu bila hata hodi ya adabu.

Tena inatufundisha saa. Kompyuta ikipishana na seva kwa zaidi ya saa 4, haipewi kitu. Sasa chukua kompyuta ya mezani ambayo kibetri chake cha ndani kimekufa, umeme ukakatika usiku, asubuhi ikaamka ikiamini ni Januari ya mwaka fulani wa zamani. Mtu wa masjala, kwa moyo mwema, anatazama saa yake ya mkononi, anaona ni saa mbili asubuhi, anaandika 2:00. Kwa hesabu ya Microsoft amekosea kwa saa 6. Nimeona fundi akitafuta ugonjwa huo kwenye nyaya, kwenye swichi, kwenye seva, mpaka alipopita mama wa usafi akauliza mbona kompyuta hii inasema ni usiku wa manane.

Ila sifa kubwa ya KMS ni nyingine, nayo haisemwi kwa sauti. Kompyuta isiyofika kwenye mtandao wa ofisi kwa siku 180 huanza kuonyesha mstari mwekundu juu ya Word, na maneno ya kwamba bidhaa haina leseni. Tafakari hilo taratibu. Ni kompyuta gani ya ofisi inayoweza kukaa nusu mwaka bila kufika ofisini? Hapa tuna mkaguzi asiyelala hoteli, asiyedai posho ya kujikimu, asiyepelekewa samaki wa Kilombero kwenye boksi la barafu. Anakaa ndani ya kompyuta yenyewe, anahesabu siku, na zikitimia anapaka wekundu.

Na ndiyo maana siku ya kuhama ni sikukuu. Kwenye ofisi moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado nina ndugu humo, kompyuta mpakato zilianza kurejea tangu alfajiri. Moja ilikuja na vumbi la pumba limejaa katikati ya herufi, ishara kwamba masika yote ilikuwa inatunza hesabu za mashine ya kukoboa. Nyingine ilikuwa na katuni za watoto tangu juu mpaka chini ya skrini, na gamu imegandishwa kwenye kona. Ya tatu ilikuja na stika ya kwaya ya vijana. Mtu wa stoo alisimama mlangoni na daftari lake la mali, akiangalia kama mzazi siku ya kufungua shule. Hakuna waraka wa mkurugenzi uliowahi kuzirudisha zile mashine; zilirudishwa na ufunguo wa herufi 25.

Ufunguo wenyewe nao unastahili beti kadhaa. Makundi matano, kila moja la herufi tano. Waliouunda waliacha sifuri na O, wakaacha moja na I, ili watu wasichanganye. Kisha, kwa upendo usioelezeka, wakaacha B na 8 vikae pamoja. Irabu hakuna hata moja. Mswahili hawezi kuutamka wala kuuimba. Anaweza kuutaja tu, kwa simu, kwa mhasibu aliyeko ng'ambo ya mto, Malinyi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Haya, nina kalamu."

"B ya Bagamoyo."

"Nimeandika."

"Nane."

"Nane ya namba?"

"Ya namba, mama. K ya Kidatu, M ya Mlimba, X."

"X ya wapi tena?"

"Ile ya mwalimu, mama, ukikosa."

Baada ya hapo anamwongoza afungue lile dirisha jeusi, waandike pamoja cscript ospp.vbs /inpkey, kisha /act. Mhasibu wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa akiambiwa kila siku kwamba kompyuta ni mambo ya vijana, anaendesha dirisha jeusi kwa mkono wake. Wakisahau kuung'oa ufunguo wa zamani kwa /unpkey, wekundu unaweza kubaki palepale, na mazungumzo yanaanza upya kwenye B ya Bagamoyo.

Haki ya MAK isemwe pia. Mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko mpaka lilipojengwa daraja, na hata leo masika yakikolea kuna barabara za bondeni ambazo hata trekta huziogopa. Kompyuta ya mtu anayekusanya takwimu vijijini haiwezi kurudi mjini kuisalimia seva kila mara, na si kila kijiji kina mtandao wa kuiunganisha kwa mbali. Kwa huyo, kujitegemea ni dawa. Ajabu ni kwamba wanaoidai MAK kwa sauti kubwa zaidi kwenye vikao huwa si watu wa vijijini. Ni wale wenye mashine za kukoboa.

MAK nayo ina ukali wake. Idadi ya kuamilisha inapungua kila inapotumika na haijirudishi. Ukipiga windo upya kwenye kompyuta ileile, umekula nyingine. Wapo mafundi wetu ambao dawa yao ya kila maradhi, printa ikigoma au mtu akisahau nywila, ni kupiga windo upya. Hao ndio hugundua Novemba kwamba ufunguo wa ofisi umeliwa wote tangu Agosti.

Hata wachakachuaji wanaiheshimu KMS. Zile programu za kuvunja leseni, zinazotembea kwenye flashi kwa mafundi wa mitaani, nyingi kazi yake ni kujifanya seva ya KMS ndani ya kompyuta yako, baada ya kukuomba kwanza uzime kinga ya virusi. Hakuna anayeghushi noti isiyonunua kitu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuyahudumia matoleo ya Office 2016 na 2019. Toleo la LTSC 2024 linapokea KMS na MAK vilevile, kwa hiyo ofisi zinazoachana na hayo ya zamani zitalazimika kuchagua tena. Ombi langu kwa wakuu wa idara ni dogo: siku ya kuhama mtu wa stoo akae meza moja na kijana wa TEHAMA, daftari la mali likiwa wazi, na kompyuta ya mkuu wa idara iwe ya kwanza kufika mezani.