Ndizi Gani?

Kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, Wafaransa hufungua chupa za Beaujolais Nouveau, mvinyo mwekundu ambao Septemba ulikuwa bado zabibu shambani. Hapa Lyon ni sikukuu ya jirani, kwani vilima vya Beaujolais viko kaskazini tu ya mji. Bei yake haimtishi mtu, na unanyweka bila hotuba: upoze kidogo, kata soseji kavu, mimina.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee mstaafu, haafiki. Yeye hata maji ya bomba huyanusa kwanza. Mwaka huu alitualika watu kadhaa, akainua glasi kwenye taa, akaisifu ile rangi ya zambarau, kisha akaanza kuizungusha. Akanogewa. Nusu ya mvinyo ikaruka, ikatua kwenye shati langu jeupe. Mkewe akaja mbio na kopo la chumvi, akanimwagia kifua kizima. "Usitikisike," akaniamuru. Nikasimama kama ng'onda, wenzangu wakiendelea kunusa.

"Unasikia ndizi?" mzee akaniuliza.

Wote wakanigeukia. Sebuleni pale Mwafrika nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo utaalamu wa ndizi nikakabidhiwa palepale. Bahati yao mbaya, mimi ni mtu wa Moshi.

"Ndizi gani?"

Kimya. Nikaanza kuwapangia: mshare, hiyo ni ya kupika, mkono wa tembo, hapana, kisukari, labda. Nikainamia shati, maana ndiko harufu ilikokolea, nikavuta pumzi. Kisukari, tena kile ambacho ganda limeshapata madoa meusi. Mzee akatoa daftari, akaandika.

Ndizi yenyewe haimo, bila shaka. Zabibu aina ya gamay hutiwa vichala vizima katika tangi lililofungwa, lililojaa kabonidayoksaidi, zikaanza kuchachuka zikiwa ndani ya maganda yake. Humo ndimo inamozaliwa harufu ile ya matunda, pamoja na wepesi usiokwaruza koo. Wakubwa hawakuipenda gamay tangu zamani. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, aliamuru ing'olewe. Mimi naona alikosa mtu wa kumpoozea chupa.

Nikawaambia kwetu tunayo pombe ya ndizi za kweli, mbege, inayotiwa ulezi, nayo haijui kungoja: ukiichelewesha inakuwa chachu, hainyweki. Wakapendezwa sana. Mzee akafungua ukurasa mpya.

"Inakwenda na chakula gani?"

"Na kikao cha mahari," nikamjibu.

Akaandika, akapiga mstari chini yake, halafu akainua tena glasi kuizungusha. Mkewe alikuwa ameshashika kopo.